Nta Isiyotatarika

Kwa Apolinaria, maji yalikuwa ya kunywa, ya kuoga na ya kubatizia. Ndani ya nta hayakuwa na kazi yoyote, na mtu aliyeyatia humo alikuwa mwizi tu, hata kama rozari yake ilifika kiunoni. Hayo alifundishwa na marehemu mumewe, Kornel, mrina asali wa misitu ya Sikonge. Kornel naye alifundishwa na baba yake, na baba yake na babu, tangu enzi zile nta ikibebwa vichwani kwenda pwani na watu wakipunjana njia nzima. Nta huuzwa kwa uzito. Ukiikoroga na maji wakati inapoa, maji yananaswa ndani, mzigo unanenepa, na mnunuzi anarudi kwake amebeba kisima.

Dawa ya wezi hao ni moto. Unachota nta kwa ncha ya kijiti, unaigusisha kwenye kaa. Ikiwa safi inayeyuka kimya na kuwaka. Ikiwa na maji inatatarika na kurusha cheche, mpaka aliyekaa karibu anavuta kanga yake.

"Nta safi haina mdomo," Kornel alikuwa akisema. Alipokufa hakumwachia mkewe shamba wala ng'ombe. Alimwachia sentensi hiyo, na sufuria moja kubwa ya kuyeyushia.

Apolinaria akaishi nayo. Barazani kwake, mtaa wa Ng'ambo mjini Tabora, alipika mafuta ya kupaka, nta kwa mafuta ya alizeti, akayauza kwenye vikopo. Kila mteja mgeni alionyeshwa kwanza jiko la mkaa. "Njoo usikilize," alimwambia, naye alisikiliza, na hakukuwa na la kusikiliza. Miaka thelathini alifanya hivyo, mpaka wanawake wa Ng'ambo, Cheyo na Mtendeni wakawa wanaijua ile kazi ya kijiti kama wanavyojua Salamu Maria. Hata sokoni, muuza nta akiwaona wanawake hao wanakuja, alianza kutafuta visingizio kabla hawajamuuliza kitu. Apolinaria aliona fahari. Acha aone. Hakuwa na mali nyingine ya kuonea fahari.

Januari hiyo Adelina alikuja kutoka Cheyo akiwa na binti yake, Suzana. Adelina na Apolinaria walikuwa marafiki tangu usichana, waliimba kwaya moja, wakaja kuwa wajane wote wawili. Suzana alipobatizwa, Apolinaria ndiye aliyemshika kisimani. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, anauza simu mjini, na alikuja amejifunika mtandio mpaka puani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Vua hilo pazia nikuone."

Suzana akavua. Mkorogo wa kujichubua ulikuwa umemla. Mashavu mekundu, weusi chini ya macho, na vifundo vya vidole vimekataa katakata kuwa vyeupe. Alianza na kikopo kimoja alichopewa kazini na mwenzake, akaongeza, akachanganya, na kila alipotaka kuacha uso ulilipuka vipele na kuwa mweusi kuliko ulivyokuwa mwanzo, basi akarudi.

"Mama Wili," Adelina alisema, "huyu ulimshika wewe kwenye maji ya ubatizo. Mshike tena. Mimi amenishinda."

Apolinaria alimtazama yule binti, moyo ukamuuma kwelikweli. Wala hakuwaza mara mbili. "Leo uache huo uchafu wako," alimwambia. "Nitakutafutia dawa ya haki. Ukivumilia nami, uso wako utarudi. Mimi nimesema."

Akaenda Mtendeni kwa Vedasto, kijana mwenye duka la dawa na vipodozi, aliyesomea mambo hayo na kurudi nyumbani bila maringo. Vedasto akamtolea mfuko wa unga mweupe. Ile ilikuwa vitamini B3, alimweleza. Haichubui. Inatuliza ngozi iliyochokozwa, inaisaidia kushika unyevu wake, na madoa meusi inayafifisha polepole. "Polepole, mama. Miezi miwili, mitatu. Asiyekuwa na subira asiguse." Akamwandikia karatasi ya namna ya kuitumia, akaanza kumsomea: huu unga uyeyushwe kwanza kwenye maji, kisha kuna dawa ya kushikanisha maji na mafuta, na nyingine ya kuzuia ukungu...

"Maji?" Apolinaria alicheka mpaka akashika kaunta. "Vedasto mwanangu, mimi nikitia maji kwenye nta, Kornel atafufuka anichape."

Vedasto naye akacheka. Kijana mwenye adabu hambishii mtu wa umri wa mama yake, tena dukani, tena mbele za watu. Adabu nyingine ni hasara, lakini hilo halikumjia siku ile. Akaikunja karatasi na kuitia kwenye mfuko wa unga.

Apolinaria alipika kama alivyopika siku zote. Aliyeyusha nta kwa mafuta, akamimina unga, akakoroga kwa mwiko mpaka sufuria nzima ikawa nyeupe kama uji. Akaridhika kwa kuwa aliuona kwa macho yake. Halafu akaipua na kuiacha itulie muda wa kusali fungu moja la rozari, kwa sababu nta isiyotulizwa ina mabawa ya nyuki na vumbi, na mtu mwaminifu hauzi vumbi. Taka zikizama ndipo humimina, kikopo baada ya kikopo, taratibu, bila kutikisa. Na kile kinachobaki chini, kizito chenye chengachenga, hakiuzwi. Ukoko ni wa nyumbani. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya Kornel: mteja apate cha juu, mwenye nyumba avumilie cha chini.

Ukoko huo alikuwa akipewa mkwewe, Recheli, mke wa mwanawe Wilbroad. Wilbroad alifanya kazi gereji Kahama, naye mkewe na mtoto walikaa kwa mama. Tangu ajifungue Recheli alikuwa na madoa ya mimba, kama ramani kwenye paji la uso na mashavuni.

"Mama, haya yangu yana chenga," alisema siku moja. "Yanakwaruza."

"Ni chenga za nta tu. Wewe paka."

Recheli alipaka. Alikuwa na mtoto mdogo, hakuwa na muda wa kujifuta. Alinawa uso pale anapomwogeshea mtoto, akapaka ukiwa bado unachuruzika maji.

Kwenye vikopo vipya Apolinaria alibandika karatasi: Mafuta ya Nta ya Mama Wili, Yenye Vitamini B3. Yakapendwa. Watu walisema ngozi imelainika, na kweli, nta na alizeti hulainisha, hazijawahi kuacha. Walisema ni vitamini.

Ila Suzana. Suzana aliacha mkorogo siku ileile, akamwaga mbele ya mama yake, na uso ukalipuka kama alivyojua utalipuka. Februari akaja. "Mama, mbona bado?" Subira, Apolinaria alimwambia. Machi akaja na vipele vipya, kazini wanamwita kachumbari. Subira, mwanangu. Aprili hakuuliza, alikaa tu barazani akimwangalia Recheli anavyoanika nguo kwenye kamba, akaondoka na kikopo kingine. Kwenye jumuiya, siku waliyosali nyumbani kwa Adelina, mwanamke mmoja aliuliza kwa mzaha kama hiyo B3 imo au imeandikwa tu. Apolinaria alisimama. Hakupenda mzaha huo.

"Naapa mbele ya msalaba ule pale," alisema akionyesha ukutani, "kila sufuria natia kwa mkono wangu huu. Suzana, mwanangu, nimekudanganya lini?"

"Hujawahi, mama," Suzana alisema.

Kikatafutwa kijiti, kikachovywa kwenye kikopo cha Suzana, kikapelekwa kwenye jiko la chai. Mafuta yakawaka kimya. Wanawake wakapiga makofi, na Apolinaria akaketi akiwa ameshinda kesi.

Mwezi wa sita Suzana hakuja. Wa saba Apolinaria akasikia kwamba amerudia mkorogo, tena wa muuzaji mwingine, mkali, wa kupaka usiku na kulala nao. Na jua la Tabora la kiangazi halimwonei huruma mtu asiye na ngozi. Akapanga kwenda Cheyo kumgombeza. Adelina akamtangulia.

Alikuja asubuhi, hakubisha hodi. Alisimama chini ya baraza, na wateja wawili walikuwepo.

"Mwanangu yuko hospitali tangu juzi. Uso umebabuka. Akinywa uji analia, maana mdomo haufunguki."

"Yesu wangu! Mama Suzi, mbona hukuni..."

"Muite mkweo."

"Recheli? Wa nini?"

"Muite."

Recheli akatoka na mtoto mgongoni, akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama." Adelina hakuitikia. Alimshika kidevu, akamgeuza kwenye jua upande huu na upande ule. Na Apolinaria, aliyekula na binti yule sahani moja kila siku, akauona uso huo kwa mara ya kwanza. Ile ramani ilikuwa imefutika. Ngozi ilikuwa moja, tulivu, nyeusi yenye afya.

"Unapaka nini, mwanangu?" Adelina alimuuliza kwa upole uliotisha.

"Ya mama tu," Recheli alijibu. Hakuwa na hila, masikini. "Ile ya chini ya sufuria."

"Ya chini." Adelina alimwachia kidevu. "Umesikia, Mama Wili? Ya chini ni ya kwenu. Sisi mtuuzie ya juu, tuipigie makofi."

Wale wateja wawili walirudisha vikopo vyao mezani. Walivirudisha polepole, kwa heshima, na hilo lilimuuma kuliko kama wangevitupa.

Walipokwenda aliingia jikoni na kukipindua kikopo cha Recheli kiganjani. Akasugua kwa kidole. Chenga. Akachukua sufuria ya jana iliyokuwa haijaoshwa, akakwangua chini kwa ukucha, akaweka ulimini. Haikuwa nta. Ilikuwa chungu kidogo, na iliyeyuka kwenye mate mara moja.

Alitembea mpaka Mtendeni kwa miguu, mchana ule, na sufuria yake kichwani kama mpagazi. Vedasto alichota chenga kwa kijiko akazifuta mafuta kwa karatasi, akazitia kwenye glasi ya maji, akatikisa. Zikayeyuka zote, maji yakabaki maangavu, hakuna kilichozama.

"Ndiyo hiyo, mama. Haiyeyuki kwenye mafuta hata uikoroge mwaka mzima. Inazama. Inataka maji." Akaiweka glasi kaunta. "Niliandika."

Karatasi ilikuwa bado kwenye mfuko wa unga, imekunjwa vilevile. Apolinaria aliisoma amesimama. Mstari wa kwanza kabisa. Miezi sita alikuwa ameisukuma kando kila alipochota unga, kwa sababu mstari ule ulikuwa na neno maji, na yeye hakuwa mwizi.

Angekuwa amedanganya angejua pa kuanzia kutubu. Lakini aliituliza nta muda wa kusali, ndiyo maana unga ulizama. Alikataa kuuza taka, ndiyo maana Recheli aliupata wote, tena kwenye uso uliolowa maji. Alikataa maji, na kwa hilo alimnyima mtoto wake wa ubatizo kitu pekee alichomwahidi. Kila alipokuwa mwaminifu ndipo alipomwumiza. Alijichukia, na alimchukia Kornel kidogo, akaomba msamaha hapohapo kwa marehemu, kisha akamchukia tena.

"Nifundishe hayo maji," alimwambia Vedasto.

Ilimchukua wiki mbili. Alijifunza kupima maji yaliyochemshwa, kuyeyushia unga humo, kumimina kwenye nta kidogo kidogo akipiga kwa mwiko, kutia dawa ya kushikanisha na ya ukungu. Mara ya kwanza alipomimina maji kwenye nta, Recheli ndiye aliyemshikia jagi. Vikopo viwili vya mwanzo vilikatika, maji huku, mafuta kule. Cha tatu kikashika. Ilikuwa krimu nyeupe, laini, isiyo na chenga hata moja. Alijipaka mwenyewe mkononi siku saba kabla ya kumpa mtu.

Hospitali alikuwa ameshakwenda mara tatu, na mara tatu aliambiwa mgonjwa amelala. Suzana aliporudishwa nyumbani, Apolinaria alimuuliza Vedasto kama krimu ile inafaa kwa ngozi iliyobabuka. Vidonda vifunge kwanza, alijibu, daktari aruhusu, ndipo aanze, na itamsaidia. Basi Alhamisi ya jumuiya, zamu ikiwa tena kwa Adelina, alifunga kikopo kwenye leso na kwenda Cheyo.

Wanawake walikuwa wameketi mkekani uani, sala imekwisha, chai iko jikoni. Hakuna aliyemsogezea nafasi. Suzana alikuwa ndani. Mlango uliokuwa na pazia ulikuwa wazi kidogo, na miguu yake ilionekana chini ya pazia.

"Nimekuja kuungama," Apolinaria alisema amesimama. "Si kwa padre, kwenu. Ile ya mwanzo haikuwa na vitamini. Niliitia, ikazama chini, nikamimina ya juu. Sikujua. Vedasto aliniambia nikamcheka. Kosa ni langu, na uso wa Suzana uko juu yangu mpaka nife."

Hata Adelina aliinamisha kichwa. Kama angeishia hapo, huenda mambo yangekuwa mengine. Lakini alikuwa na kikopo kwenye leso, na alikuwa na haraka ya kuponya.

"Nimetengeneza nyingine. Hii imo. Daktari akiruhusu, nampa bure mpaka uso urudi."

Adelina alikipokea. Alikifungua, akanusa, akachota kwa kidole, akakitazama muda mrefu. Machozi yalikuwa yanamlenga. Alitaka kuamini, yule mama, alitaka sana. Halafu mkono wake, bila kuambiwa na mtu, ukaokota kijiti kando ya jiko. Miaka thelathini mkono huo ulikuwa umefundishwa.

"Mama Suzi, subiri, hii..."

Krimu ikagusa kaa. Ikatatarika, ikarusha, ikapiga kelele uani kote, na aliyekaa karibu akavuta kanga yake.

Adelina alikitupa kijiti motoni. "Maji," alisema.

"Inataka maji! Hii vitamini haiyeyuki ila kwenye maji, ndiyo ilivyoumbwa, muulizeni Vedasto!"

"Miaka thelathini umetuambia maji ni wizi. Leo ni dawa?" Hakupaza sauti. "Ilipokuwa haina kitu, ilinyamaza ukatuapia kwa msalaba. Leo imesema yenyewe, unataka tusiisikie?"

Mwanamke mmoja alicheka, na kicheko chake kikaambukiza wengine. Apolinaria hakuwatazama. Alitazama pazia.

"Suzana," aliita. "Mwanangu. Nimekudanganya lini?"

Miguu ilisimama pale kidogo. Kisha ikageuka, na mlango ukafungwa kwa ndani, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Alirudi Ng'ambo na kikopo chake. Njiani alijaribu kutafuta neno ambalo angelisema likaaminika, akaona kwamba hata yeye, kama angekuwa ameketi pale mkekani na mwingine ndiye amesimama, angecheka wa kwanza.

Jioni Recheli alikikuta kikopo dirishani. Akakifungua, akashangaa ulaini wake.

"Mama, hiki ni cha nani?"

Apolinaria alikuwa anaosha ile sufuria. Alijua kila siku ambayo uso ule utazidi kung'aa utakuwa shahidi dhidi yake kanisani, sokoni na njiani. Alijua pia kwamba ni krimu nzuri, na hakukuwa na mtu mwingine Tabora nzima ambaye angeipokea.

"Chako," alisema. "Paka. Siku hizi hata usiponawa, maji yamo."